Kibendera cha njano kabla mpira haujaenda popote: kutafuta chanzo cha faulo za kujipanga katika futiboli ya Kimarekani

Yadi 5 huonekana ndogo mpaka zikukute kwenye dauni (jaribio) ya tatu. Ulikuwa unahitaji yadi 2, ungeweza kukimbia na mpira au kurusha. Sasa unahitaji 7, na kila mlinzi uwanjani anajua kwamba pasi inakuja. Kuotea, kuanza mapema, mpangilio batili, kuhama vibaya, wachezaji 12 uwanjani, kuchelewesha mchezo: zote bei yake ni hiyo hiyo ya yadi 5, shuleni, chuoni na hata NFL, ligi kuu ya kulipwa, isipokuwa shuleni wachezaji 12 wakishiriki mchezo: hapo ni yadi 15. Zote pia huzaliwa kabla ya mchezo (kipande kimoja cha mechi) kuanza au papo hapo unapoanza, wakati hakuna aliyekugonga wala kukukimbiza. Ndiyo maana zinatibika, mradi utafute chanzo badala ya kumzungusha mtoto uwanja mara kumi. Raundi za adhabu humchosha, na mchovu hukosea zaidi.

Vipimo vilivyomo humu ni vya kanuni za NFHS, shirikisho la michezo ya sekondari, zinazotumika katika shule nyingi za sekondari Marekani. Huko ndiko vijana wengi wanakoanzia, wakiwemo wa familia zinazozungumza Kiswahili. Pale vyuo (NCAA) au NFL wanapotofautiana, imeelezwa.

Maneno machache kwanza. Kibendera cha njano hurushwa na mwamuzi anapoona faulo. Snapu ni kitendo cha senta, aliye katikati ya mstari wa mbele, kuutoa mpira ardhini na kumpa kwotabeki, anayeongoza mashambulizi, aliye nyuma yake. Ukanda wa kati ni nafasi inayotenganisha timu mbili kabla ya snapu; upana wake ni urefu wa mpira wenyewe, kama sentimita 28. Dauni ni jaribio, na timu hupewa manne ili isogee yadi 10. Aliyekulia kwenye soka aache mlangoni anachokijua kuhusu kuotea. Hapa hakuna kumtazama beki wa mwisho. Kuotea kunapimwa kwa ukanda wa kati, na anayelinda naye anaotea, tena mara nyingi kuliko anayeshambulia.

Dalili: kibendera kinamwangukia mpokeaji wa pembeni

Hii ndiyo faulo inayorudi kila wiki, na chanzo chake cha kwanza ni kwamba kijana amesimama "katikati": hayuko mstarini, wala hayuko nyuma ya mstari. Ili ahesabiwe mstarini, kichwa au mguu wake lazima uvuke mstari wa kufikirika unaopita kiunoni mwa senta. NFL hutazama helmeti peke yake. Ili ahesabiwe nyuma, hakuna sehemu ya mwili wake inayoruhusiwa kuvuka kiuno cha mwenzake wa karibu aliye mstarini. Akiwa kati ya vipimo hivyo viwili, mpangilio ni batili. Akisogea mbele mno hadi kuingia ukanda wa kati, ameotea.

Kwa nini anakosea? Kwa sababu yuko mbali. Kwenye viwanja vya sekondari, mpira ukiwekwa kwenye alama za upande wa pili, mpokeaji aliyesimama yadi 5 kutoka mstari wa pembeni yuko yadi 30 kutoka kwenye mpira. Kwa umbali huo jicho hudanganya, hasa akiutazama mpira kwa mshazari.

Anza na ukaguzi usiogharimu kitu. Mpokeaji akifika mahali pake atazame mpira kwanza, kisha mwamuzi wa mstari aliye upande wake. Kama anataka kuwa mstarini, amwoneshe mguu wa mbele. Kama anataka kuwa nyuma, anyooshe mkono kuelekea nyuma. Mwamuzi naye hunyoosha mkono kuelekea nyuma kuonesha kwamba amemhesabu kuwa nje ya mstari. Mkono wa mwamuzi usipolingana na alichotaka mchezaji, bado kuna sekunde za kurekebisha.

Ila asiugeuze msaada huo kuwa haki yake. Tarehe 10 Desemba 2023, Kansas City Chiefs walikuwa nyuma 20-17 dhidi ya Buffalo Bills, mechi ikiwa katika dakika zake za mwisho. Travis Kelce alidaka pasi, akamrushia Kadarius Toney, naye akaingia nayo hadi tachidauni, yaani bao. Ikafutwa. Toney alikuwa amejipanga mbele ya mpira, ameotea, na matokeo yakabaki 20-17. Wengi walilalamika kwamba mwamuzi angemwonya kwanza. Kuonya ni desturi nzuri ya waamuzi, kanuni hailazimishi. Mchezaji akiuliza atajibiwa. Asipouliza, miguu ni yake.

Hilo likishindikana, angalia macho yake yako wapi. Wapokeaji wengi humtazama beki anayewakabili, beki akisogea nao wanasogea. Mfundishe amtazame beki baada ya kukubaliana na mwamuzi. Tatu, angalia mguu upi uko mbele: aliyezoea kuweka wa kushoto, siku akibadili upande wa uwanja huongeza nusu hatua bila kujua. Mazoezini, tandaza kamba nyeupe kupitia kiuno cha senta mpaka pembeni kabisa, wapokeaji wajipange bila kuitazama, kisha wageuke waione. Dakika 10 kwa wiki zinatosha. Asiyebadilika baada ya wiki tatu za kamba, acha kumfokea na umwambie mzazi ampeleke kupimwa macho. Kijana asiyeuona mpira vizuri hawezi kujipanga nao.

Wanamstari wa pembeni nao wana ugonjwa unaofanana na huu. Wanajivuta nyuma ili wapate nafasi ya kumzuia mlinzi mwenye kasi anayemfuata kwotabeki, na helmeti au mguu unakosa kufika kiunoni mwa senta. NFL ilikaza uzi kwenye hilo mwaka 2024. Katika mechi ya ufunguzi, 5 Septemba, Baltimore Ravens walipigiwa faulo hiyo mara kadhaa. Dawa haina siri: gadi, mwanamstari aliye kando ya senta, ampime kwa jicho, na amguse ampushe mbele kabla hawajatulia.

Dalili: pasi imedakwa vizuri, kisha inafutwa kwa "mpokeaji asiyeruhusiwa"

Mzazi jukwaani huona kitu kimoja tu: mtoto wake amedaka. Chanzo kwa kawaida kiko yadi 15 kutoka kwake. Katika mstari, wanaoruhusiwa kudaka pasi ni wa mwisho kila upande. Mpokeaji wa nje akipanda mstarini ilhali taiti-endi, mpokeaji anayesimama karibu na wanamstari, naye yuko mstarini upande huo huo, amemfunika. Taiti-endi si wa mwisho tena, na haruhusiwi kwenda mbele kupokea. Kwa hiyo mkosaji ni yule wa nje, ingawa kibendera kinamwangukia wa ndani. Kocha anayemfokea taiti-endi anamtibu asiye mgonjwa.

Ukaguzi wa kwanza ni kuhesabu. Sekondari, tangu 2019, kanuni inataka angalau watano mstarini wenye namba 50 hadi 79, na wasizidi wanne nyuma. Vyuo nao huhesabu wa nyuma wasizidi wanne. NFL hutaka saba mstarini. Kwotabeki ahesabu wa nyuma, akijijumlisha mwenyewe: wanne, basi. Taiti-endi amtazame wa nje, akimwona amepanda, ampigie kelele jina lake. Neno moja lililokubaliwa kwenye timu linatosha, "Rudi!" lina silabi mbili tu.

Chanzo cha pili ni wanamstari wanaokimbilia mbele mapema. Pasi ya mbele ikiwa bado haijatoka mkononi, wenye namba 50 hadi 79 wasiende zaidi ya yadi 2 kupita ukanda wa kati. Vyuo ni yadi 3, NFL ni 1. Michezo ambayo kwotabeki anaamua baada ya snapu kama atampa mwenzake mpira au atarusha ndiyo inayozaa faulo hii, kwa kuwa wanamstari wanazuia kana kwamba ni mbio. Kwotabeki akichelewa kuamua, wao wameshavuka. Rekebisha muda wa kwotabeki kwanza, wanamstari baadaye.

Chanzo cha tatu hakitokei sana, lakini kikitokea huumiza: kuripoti. Katika NFL, mwenye namba 50 hadi 79 anaweza kuruhusiwa kudaka akiripoti kwa refa, na refa akamtangaza. Tarehe 30 Desemba 2023, Detroit Lions walifunga dhidi ya Dallas Cowboys sekunde 23 kabla ya mwisho, wakajaribu pointi 2 za ushindi. Wachezaji watatu walimsogelea refa. Aliyetangazwa ni namba 70, Dan Skipper. Aliyedaka ni namba 68, Taylor Decker. Pointi zikafutwa, na Dallas wakashinda 20-19. Ujanja wa kuwachanganya wapinzani kwa kumzunguka refa una hatari hiyo: naye anaweza kuchanganyikiwa. Aende mmoja, aseme namba yake, asubiri aisikie ikitangazwa. Isipotangazwa, au ikitangazwa nyingine, omba taimauti (kusimamisha saa) kabla ya snapu. Sekondari na vyuoni njia hiyo haipo. Huko namba ya jezi ndiyo inayoamua.

Dalili: wanamstari wanaanza mapema

Mmoja akianza mapema mara mbili katika mechi, tatizo ni lake. Watatu tofauti wakianza mapema, tatizo ni hesabu ya kwotabeki. Ndilo swali la kwanza la kujiuliza, na makocha wengi huliruka.

Msikilize kwotabeki mazoezini ukiwa umefumba macho. Je, sauti yake ina mdundo mmoja kila mara? Je, anapochoka anavuta neno la mwisho? Robo ya nne ndipo hesabu inapoharibika. Baada ya hapo, angalia kelele: uwanja wa ugenini ukiwa na bendi, mwanamstari wa nje hasikii chochote, hivyo anakisia. Badilini mfumo wa sauti kwa wa ishara: gadi anamtazama kwotabeki, kwotabeki anainua mguu, gadi anamgonga senta, senta anahesabu moja kimya na kutoa. Wa nje waangalie mpira, wasitegemee masikio. Mfumo huo haujifunzwi siku ya mechi. Uufanye angalau mara mbili katika wiki iliyotangulia.

Chanzo cha tatu ni uzito. Aliyeegemea mno mkono ulio ardhini ataanguka mbele kidogo, na mkono huo ukishawekwa chini haruhusiwi kuuinua. Mwambie ainue mkono ghafla mazoezini: akianguka, uzito umezidi mbele. Na kama wapinzani wanapiga kelele za kuigiza hesabu ya kwotabeki wenu, hiyo ni faulo yao. Nahodha amweleze refa kwa upole kati ya michezo miwili, ili waamuzi watege sikio.

Dalili: mlinzi anaingia ukanda wa kati

Hapa sekondari ni kali kuliko kwingine. Senta akishaushika mpira, yeyote anayevuka ukanda wa kati ametenda faulo na mchezo unasimamishwa hapo hapo, kurudi hakumwokoi. Vyuoni na NFL anaweza kurudi kabla ya snapu, mradi hajamgusa mtu wala kumfanya mpinzani ashtuke. Kijana anayeiga anachokiona kwenye televisheni Jumapili, siku ya NFL, hulipia Ijumaa, siku ya mechi za shule.

Sababu ya kwanza ni kusikiliza sauti ya kwotabeki badala ya kutazama mpira. Funga mpira kwenye fimbo, kocha aushike chini huku akipiga kelele za hesabu za uongo; mlinzi aondoke mpira ukisogea tu. Kati ya majaribio 10, matatu usiusogeze kabisa. Sababu ya pili ni kujipanga karibu mno. Mlinzi anayebana sentimita za mwisho hapati faida yoyote ya maana: akirudi nyuma kiasi cha urefu wa kiatu, bado atawahi, na helmeti haitaning'inia juu ya mpira.

Dee Ford wa Kansas City alijipanga hivyo tarehe 20 Januari 2019, kwenye fainali ya AFC, moja ya makundi mawili ya NFL, dhidi ya New England Patriots. Chiefs walikuwa mbele 28-24, ikiwa imebaki kama dakika moja, wakadaka pasi ya Tom Brady. Mechi ilikuwa imekwisha. Kibendera kilikuwa chini: Ford alikuwa ndani ya ukanda wa kati wakati wa snapu. Patriots wakaendelea na mpira na kushinda 37-31 katika muda wa nyongeza. Hakumwathiri yeyote kwa kusimama pale, na haikujalisha. Kuotea hakupimwi kwa madhara.

Dalili: faulo ya kuhama au ya mwendo

Fupi: wawili au zaidi wakihama, wote 11 watulie sekunde 1 kamili kabla ya snapu. Mmoja tu anaweza kuwa katika mwendo wakati wa snapu, na asielekee mbele. Sababu karibu zote ni kwotabeki mwenye haraka. Mfundishe aseme moyoni "moja na nusu" baada ya wa mwisho kutulia.

Dalili: wachezaji 12

Angalia kwanza nani anapeleka wachezaji uwanjani. Kama makocha wawili wana mamlaka ya kubadilisha, umepata chanzo. Awe mmoja, na aite kundi zima kwa jina, si mtu mmoja mmoja. Kisha mpe mlinzi mmoja wa nyuma kazi ya kuhesabu kabla ya kila mchezo. Mwamuzi wa nyuma naye huhesabu walinzi hivyo hivyo, lakini huhesabu ili apige faulo, si ili akuokoe. Ukigundua wa 12 na muda umekwisha, aliye karibu na benchi akimbie. Kubaki uwanjani kwa matumaini kwamba hamtaonekana ni kamari.

Kuna upande mwingine unaohitaji macho ya kocha. Tarehe 12 Oktoba 2024, katika mechi ya vyuo, Oregon wakiongoza 32-31 dhidi ya Ohio State, zikiwa zimebaki sekunde 10, walikuwa na walinzi 12. Walipoteza yadi 5, lakini mchezo huo ulikula sekunde 4, na sekunde zilikuwa na thamani kuliko yadi. Baada ya mechi hiyo NCAA walitoa ufafanuzi: mwishoni mwa kipindi, timu iliyokosewa hivyo inaweza kuomba saa irudishwe. Soma mabadiliko ya kila mwaka kabla ya msimu. Mwanya wa jana umeshazibwa.

Dalili: timu haijui ni dauni ya ngapi

Saa ya sekunde 40, muda wa kuanza mchezo unaofuata, inakwisha wakati watu wanaulizana. Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kujua. Kabla ya kila snapu, mtu mmoja kila upande aseme kwa sauti: dauni, yadi, muda, taimauti zilizobaki. Maneno manne, sekunde 3. Sekondari una taimauti 3 kwa kila nusu, na ukizimaliza kwa kurekebisha mipangilio, hutakuwa nazo saa ikikugeuka.

Usitegemee kibao cha pembeni peke yake. Tarehe 6 Oktoba 1990, timu ya chuo ya Colorado walipewa dauni ya tano dhidi ya Missouri kwa sababu kibao hakikubadilishwa na waamuzi hawakugundua. Wakafunga, wakashinda 33-31. Waamuzi huvaa kamba ya raba mkononi, na kuihamisha kidole hadi kidole kwa kila dauni. Kocha msaidizi anaweza kufanya vivyo hivyo. Yaliyotokea mwaka 1940 yanastahili kukumbukwa kwa heshima: Cornell walishinda Dartmouth 7-3 kwa dauni ya tano, filamu ikaonesha kosa, nao wakaurudisha ushindi.

Dalili: unaamini mwamuzi amekosea

Tenganisha mambo mawili. Kama ni alichokiona, mfano mguu ulivuka au haukuvuka, nyamaza na uendelee. Mechi ya sekondari mara nyingi ina waamuzi 5 tu, na kila mmoja ana watu wake wa kutazama. Kama ni kanuni iliyotumika vibaya, mfano yadi zilizohesabiwa au dauni iliyorudiwa, kocha mkuu ana njia rasmi: aombe taimauti ya kuzungumza na refa kabla ya snapu inayofuata. Refa akibadilisha, taimauti hairuhusiwi kuhesabiwa kwako. Asipobadilisha, umeitumia, na kama ulikuwa huna, ni kuchelewesha mchezo. Snapu ikishapita, mlango umefungwa. Kinachobaki ni kukata kipande cha video na kukipeleka kwa anayepanga waamuzi wa ligi, siku inayofuata, ukitaja robo, saa na dauni. Usimfuate mwamuzi maegeshoni.

Dalili ya kusimamisha kila kitu: aliyekuwa sawa anaanza kukosea ghafla

Mchezaji aliyejipanga vizuri robo mbili, kisha baada ya kugongwa anasimama upande usio wake, anauliza tena mchezo alioambiwa sasa hivi, au anaanza mapema bila kujua, huyo hana tatizo la kujipanga. Shuku mtikisiko wa ubongo. Usimsahihishe, mtoe. Usimjaribu kwa kumhesabisha vidole na kumrudisha. Mwite mtaalamu wa afya wa timu. Asipokuwepo na kijana anatapika, anasinzia, anaumwa kichwa kinachozidi au anazungumza bila mpangilio, piga 911. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya jambo hili mwaka 2009, na majimbo yote 50 sasa yana yao. Katika mengi yake, anayeshukiwa hutolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya amruhusu kwa maandishi. Mzazi anayesisitiza kwamba mwanawe yuko sawa naye aoneshwe sheria hiyo, na helmeti ya kijana ikae mikononi mwa kocha mpaka mwisho wa mechi.